Kutibu Uvimbe wa Ini Bila Kisu

Uvimbe wa ini ni jina moja lililobeba magonjwa mengi yasiyofanana. Mkazi wa Viwanja Sitini anayepimwa altrasaundi mjini Ifakara na kuambiwa kuna kitu kwenye ini anaweza kuwa na fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara, jipu, kifuko cha maji, au saratani. Mengine kati ya hayo hayahitaji tiba yoyote, mengine hupona kwa vidonge, na hata saratani yenyewe, ambayo wengi huichukulia kuwa hukumu ya kifo, ina tiba kadhaa zinazofanyika bila kupasua tumbo. Tiba ipi imfae nani hutegemea mambo mawili: uvimbe ni wa aina gani na umekua kiasi gani, na ini lililobaki lina nguvu kiasi gani.

Fundo la mishipa ya damu ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi kati ya vimbe zisizo saratani. Mtu huishi nalo miaka yote bila kuhisi chochote, likaja kuonekana siku anapimwa jambo jingine kabisa. Kwa kawaida huachwa lilivyo. Kulichoma sindano ovyo ni hatari kwa sababu limejaa damu, na kumnywesha mgonjwa dawa za kuliyeyusha ni kumpotezea fedha.

Jipu la amiba ni habari nyingine, na linastahili kufikiriwa mapema kwa sababu hutisha kama saratani ilhali hupona. Vimelea vya amiba huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, husafiri na damu kutoka utumboni hadi kwenye ini, na huko huila nyama yake hadi likabaki shimo lililojaa rojo la kahawia. Mgonjwa hupata homa, jasho na maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Tiba ni metronidazo kwa siku 7 hadi 10, ikifuatiwa na dawa ya kumaliza vimelea vilivyobaki utumboni. Jipu kubwa linalokaribia kupasuka hunyonywa kwa sindano, daktari akiifuata ncha yake kwenye skrini ya altrasaundi. Familia iliyokwisha kukata tamaa kwa kusikia neno uvimbe inaweza kumwona mgonjwa wake akirudi shambani msimu uleule.

Kwa jamii za wafugaji kuna pia vifuko vya maji vinavyotokana na mayai ya minyoo ya mbwa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu zilizojulikana duniani kwa ugonjwa huu, na shirika la AMREF liliendesha huko kampeni ya kuudhibiti kuanzia miaka ya 1980, likitumia altrasaundi kuwatafuta wagonjwa vijijini. Vifuko vingi hutibiwa kwa albendazo. Vingine hutobolewa kwa sindano, maji yakanyonywa, ikaingizwa dawa ya kuua mabuu, kisha ikanyonywa tena. Kazi hiyo ni ya mikono iliyofundishwa, maana maji ya kifuko yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mshtuko wa mzio na kupanda vifuko vipya.

Saratani nayo iko ya namna mbili. Iliyohamia kwenye ini kutoka kwingine, kama utumbo mpana, titi au kongosho, hutibiwa kwa kufuata chanzo chake: saratani ya titi iliyofika kwenye ini hubaki saratani ya titi na hupewa dawa za titi. Iliyozaliwa ndani ya ini lenyewe ndiyo inayowasumbua zaidi watu wa Afrika Mashariki, na makala haya yataikalia hiyo.

Chanzo chake kikuu katika nchi hizi ni homa ya ini aina ya B. Kirusi cha ugonjwa huo mara nyingi huingia utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kujifungua au kwa kugusana damu kati ya watoto, na hukaa kimya miaka 20 au 30. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2002, kwa hiyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kinga hiyo kliniki. Chanzo cha pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hii iliwaua watu 20 kati ya 68 walioumwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini madhara yake makubwa zaidi ni yale ya polepole, ya mtu anayeila kidogo kidogo miaka mingi. Katika bonde la Kilombero, ambako mafuriko na mvua za kuchelewa huyakuta mahindi bado shambani, kuyaanika juu ya turubai hadi yakauke sawasawa ni kinga ya ini, kwa maana sumukuvu haiishi kwa kupikwa ugali. Mtu mwenye kirusi cha B anayekula sumukuvu hubeba hatari iliyo kubwa mara nyingi kuliko mwenye kimoja peke yake. Pombe kali, gongo ikiwamo, huongeza chumvi kwenye kidonda.

Kabla ya tiba huja picha. Altrasaundi huonyesha kwamba kuna uvimbe, lakini siti-skani inayopigwa kwa dawa ya rangi ndiyo husema ni wa aina gani, na sababu yake inafaa kueleweka kwa kuwa ndiyo msingi wa tiba nyingi zitakazofuata. Ini hupata damu kwa njia mbili. Takribani robo tatu hutoka utumboni kupitia mshipa mkuu wa ini, na robo iliyobaki hutoka moyoni kupitia ateri. Nyama nzima ya ini hutegemea zaidi ile njia ya kwanza. Saratani ya ini hunywa karibu damu yake yote kwenye ateri. Hivyo dawa ya rangi inapopita, uvimbe huwaka mapema wakati ini zima bado limefifia, kisha hufifia wakati ini zima linawaka. Kwa mgonjwa mwenye ini lenye makovu au kirusi cha B cha muda mrefu, alama hiyo humtosha daktari kusema hii ni saratani bila kukata kipande cha nyama.

Kisha hupimwa nguvu ya ini lililobaki. Alama zinazotumika duniani kote zilianzishwa na madaktari Child na Turcotte mwaka 1964, zikaboreshwa na Pugh mwaka 1973. Hutazamwa mambo matano: manjano, protini ya albumini, kasi ya damu kuganda, maji tumboni, na utulivu wa akili. Jumla ya alama 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Mgonjwa wa daraja A huvumilia karibu kila tiba. Wa daraja C anaweza kuuawa na tiba yenyewe kabla saratani haijamfikia, na daktari anayemwambia hivyo waziwazi hamnyimi matibabu. Anamlinda.

Uvimbe mdogo, usiozidi sentimeta 3, unaweza kuunguzwa mahali ulipo. Daktari wa radiolojia hutia ganzi kati ya mbavu, huingiza sindano ndefu hadi katikati ya uvimbe akiongozwa na altrasaundi au siti-skani, kisha huwasha mashine. Mawimbi ya redio hutingisha chembe za mwili hadi joto likapanda kati ya nyuzi 60 na 100, na kwenye skrini huonekana wingu jeupe la mapovu likikua kuizunguka ile sindano. Kuunguza kwenyewe huchukua dakika kadhaa, na lengo ni kuunguza uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama nzima unaouzunguka, kama anayechoma majani hupitisha moto kidogo nje ya mpaka ili yasichipue tena. Uvimbe ulio kando ya mshipa mkubwa ni mgumu, kwa sababu damu inayopita hupoza joto, na hapo mashine ya maikrowevu hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa uvimbe wa chini ya sentimeta 2, matokeo ya kuunguza hukaribia yale ya upasuaji, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Kabla ya mashine hizo kulikuwa na njia ya gharama ndogo sana iliyokuzwa Japani na Italia katika miaka ya 1980: kudunga alkoholi safi ndani ya uvimbe. Alkoholi hukausha seli na kuziba vijimishipa vinavyozilisha. Hurudiwa mara kadhaa, na kwa uvimbe unaozidi sentimeta 2 huacha mabaki mara nyingi kuliko joto. Lakini inachohitaji ni sindano nyembamba, chupa ya alkoholi tasa na mtu anayejua kuitumia altrasaundi. Katika nchi yenye mashine chache, njia hii haistahili kudharauliwa kwa sababu tu imezeeka.

Uvimbe ukiwa mkubwa zaidi, au vimbe zikiwa kadhaa, sindano haitoshi. Hapo ndipo ile siri ya ateri inapotumika. Katika tiba ya kuziba mshipa, iliyoanzishwa na madaktari wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, mgonjwa hulala chali akiwa macho, na ganzi hutiwa kwenye kinena au kifundo cha mkono. Mrija mwembamba kama tambi huingizwa kwenye ateri na kusukumwa taratibu, daktari akiutazama kwa eksirei, hadi ufike kwenye kijitawi kinacholisha uvimbe na si kingine. Kupitia hapo humiminwa dawa ya saratani, mara nyingi doksorubisini, iliyochanganywa na mafuta ya mbegu za afyuni yenye madini joto, ambayo hung'ang'ania kwenye uvimbe na kuonekana vizuri kwenye picha. Kisha mshipa huzibwa kwa vipande vidogo vya sponji au shanga ndogo mno. Uvimbe hupata mapigo mawili kwa wakati mmoja: sumu kali isiyotawanyika mwili mzima, na njaa. Ini lililobaki huendelea kula kutoka kwenye ule mshipa wa utumboni.

Mgonjwa hupaswa kuambiwa mapema kwamba siku chache baada ya hapo zitakuwa nzito. Homa, kichefuchefu na maumivu ya ubavu ni kawaida, hutibiwa, na hupita. Tiba hurudiwa kwa kadiri picha zinavyoonyesha. Haimponyi mgonjwa moja kwa moja, lakini tafiti mbili zilizotangazwa mwaka 2002, moja kutoka Barcelona na nyingine kutoka Hong Kong, zilithibitisha kwamba huongeza maisha kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri. Asiyefaa ni yule ambaye saratani imekwisha kuziba ule mshipa mkuu: ukimziba na ateri, ini zima hukosa chakula. Njia hii hii ya kuziba huokoa pia mgonjwa ambaye uvimbe umempasukia ghafla na damu inamwagika tumboni.

Mionzi ina nafasi yake pia. Shanga za kioo zenye itriamu-90, zinazopitishwa kwenye mrija ule ule, huuchoma uvimbe kutoka ndani, na nusu ya nguvu zake huisha kila baada ya saa 64. Ni tiba ya gharama kubwa na huhitaji maabara ya nyuklia. Mionzi inayopigwa kutoka nje ndiyo iliyo karibu zaidi na Mtanzania. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ndani ya majengo ambayo asili yake ni hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1895, imekuwa na mashine za kisasa za mionzi tangu mwaka 2018. Mashine za aina hiyo zinaweza kulenga uvimbe kwa dozi kubwa katika vipindi vichache. Na hata pale ambapo kuponya hakuwezekani, utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kipindi kimoja tu cha mionzi kwenye ini huwapunguzia maumivu wagonjwa wawili kati ya watatu. Kipindi kimoja kwa mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara si jambo dogo.

Saratani ikiwa imetoka nje ya ini au kuingia kwenye mshipa mkuu, hubaki dawa zinazozunguka mwili mzima. Kidonge cha kwanza kuthibitika kilikuwa sorafenibu, mwaka 2007. Katika utafiti uliokipitisha, nusu ya waliokinywa waliishi zaidi ya miezi 10.7, wakati kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa miezi 7.9. Ni faida ndogo, na huja na kuhara, uchovu na malengelenge kwenye viganja na nyayo. Mwaka 2020 ilikuja tiba ya kinga, dawa mbili za kudungwa mshipani, atezolizumabu na bevasizumabu, zinazoamsha askari wa mwili na kuunyima uvimbe mishipa mipya. Nusu ya waliozipata waliishi zaidi ya miezi 19. Kabla ya kuzitumia lazima koo la chakula litazamwe, maana mishipa iliyovimba humo inaweza kutoa damu.

Bei ndiyo ukuta. Hapa kisa cha India kinafaa kukumbukwa. Mwezi Machi 2012 serikali ya nchi hiyo ilikiruhusu kiwanda cha Natco kutengeneza sorafenibu bila idhini ya mwenye hataza, na dozi ya mwezi ikashuka kutoka rupia 280,000 hivi hadi chini ya 9,000. Dawa iliyodhaniwa kuwa ya matajiri ilionekana kumbe inaweza kutengenezwa kwa bei ya watu. Tiba ya kinga bado inangoja siku yake kama hiyo.

Umbali kati ya tiba zilizopo duniani na zile zinazomfikia mgonjwa ulipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Nchini Misri, wagonjwa 76 kati ya 100 walipata tiba mahususi ya saratani hiyo, na nusu ya wagonjwa wa huko waliishi zaidi ya miezi 10.9. Katika nchi nyingine nane waliopata tiba walikuwa 3 kati ya 100, na nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya miezi miwili na nusu. Umri wa katikati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 45. Hao ni baba na mama wenye watoto shuleni, na tofauti kubwa kati yao na Wamisri ni kwamba walifika wamechelewa, na walipofika hawakumkuta mwenye sindano wala mrija.

Upande wa wataalamu, Tanzania imeanza kuziba pengo. Mwezi Oktoba 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walianza kuja Hospitali ya Taifa Muhimbili kufundisha tiba radiolojia, yaani kutibu kwa sindano na mirija inayoongozwa na picha, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Kabla ya hapo nchi haikuwa na mahali pa kumfundishia daktari kazi hii. Mgonjwa wa Ifakara anayeonekana kufaa kuunguzwa au kuzibwa mshipa anapaswa kuomba rufaa yenye picha zake zote, majibu ya homa ya ini na vipimo vya damu, ili asianze upya foleni huko aendako.

Kwa yule ambaye ini limechoka mno, tiba ipo bado, ila lengo lake hubadilika. Maji ya tumbo hupunguzwa kwa vidonge vya kukojoza na chumvi kidogo, au hutolewa kwa sindano. Maumivu hutulizwa kwa mofini ya maji, inayonywewa nyumbani. Diklofenaki na dawa za jamii yake ziepukwe, maana huumiza figo na kuleta damu tumboni, na mizizi isiyojulikana vipimo vyake huliongezea mzigo ini ambalo halina tena uwezo wa kuchuja. Kumwacha mgonjwa alie kwa maumivu kwa sababu saratani haiponi ni kosa lisilo na utetezi.

Kinachoamua yote haya ni siku ya kugundulika. Mjini Shanghai, katika miaka ya 1990, watu 18,816 waliokuwa au waliowahi kuwa na homa ya ini B waligawanywa makundi mawili, moja likapimwa altrasaundi na damu kila baada ya miezi sita. Vifo vya saratani ya ini katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 37, ingawa wengi hawakuhudhuria kila mara. Tenofovu, kidonge kimoja kwa siku, hukituliza kirusi, hupunguza uwezekano wa saratani kuzaliwa, na hulisaidia ini la aliyekwisha kutibiwa uvimbe. Si dawa ngeni bondeni: iko ndani ya kidonge cha kila siku cha watu wengi wanaotibiwa VVU, wakiwamo wanaohudhuria kliniki ya magonjwa sugu iliyoanzishwa mwaka 2004 katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Asiye na VVU mwenye homa ya ini B anahitaji kuiulizia mwenyewe.

Kipimo cha homa ya ini B ni tone la damu, na majibu hutoka mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Mtu mzima wa Viwanja Sitini, Kibaoni, Mahenge au Malinyi ambaye hajawahi kupimwa akapime. Akikutwa hana kirusi, achanjwe. Akikutwa nacho, aandike kwenye kalenda altrasaundi ya kila miezi sita na asiiache hata kama hajisikii mgonjwa.